Zifute Zile Gramu Nne

Nyumba ya Kitwa,
nyuma ya karakana ya treni,
Kamina.
Jumapili, tarehe 14 mwezi wa nane, 1955

Mpendwa mdogo wangu Constant,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatakuja. U hali gani huko Elisabethville? Kifua kimeacha kukubana? Unakula chakula cha kweli, au bado ni chai asubuhi na chai jioni kama ulivyoandika? Clémentine mkeo hajambo? Na mtoto wenu mchanga ameota meno mangapi sasa? Niambie yote, hata yale unayodhani ni madogo, maana mtu wa mbali hula habari kama sisi tunavyokula bukari ya mahindi.

Sisi huku tunapumua. Kitwa shemeji yako ana kikohozi cha vumbi la kiangazi, lakini anakwenda kazini na kurudi. Watoto wazima. Mama yu mzima wa mwili. Mimi nimechoka, Constant. Si uchovu wa kufua wala wa kupanga foleni bombani. Nalala nao, naamka nao, na nikikaa kanisani unakaa pembeni yangu.

Sabuni na kile kitambaa cha buluu vilifika. Mama alikipapasa kitambaa pande zote mbili, akasema aliyekifuma hakuwa na haraka. Asante sana. Nilitaka kukushonea shati kwa masalio yake, ila tangu mwezi uliopita sindano naishika na kuiweka chini.

Usicheke Kiswahili changu cha vitabu. Masista walinifundisha hivi, na kalamu yangu haijui kingine. Lakini mama akisema neno, nitaliandika kama alivyolisema, hata ‘minyi’ yake badala ya ‘mimi’ na ‘njo’ badala ya ‘ndiyo’, ili umsikie.

Sasa niingie ndani ya jambo. Kabla hujasoma mbele nakuomba kitu kimoja: ile karatasi niliyokutumia baada ya Pasaka, yenye kipimo cha dawa ya mama, usimwache yule daktari unayemfanyia kazi aitumie. Kipimo kile si sahihi. Kimeshaumiza mtoto huku, na aliyebeba lawama ni mama, wakati kosa ni langu. Hakuna anayejua isipokuwa mimi, na sasa wewe.

Unaukumbuka mti wenyewe, ule wa kijitoni, ukiukata unatoa maziwa meupe. Mama hautaji jina mbele ya mgonjwa, anauita Bibi tu. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo ulikunywa maji ya mizizi yake, wakati ule homa ilipokuacha ukitetemeka na kupiga kelele. Ulilala siku nzima ukaamka unaomba karanga.

Uliponiandikia wakati wa Pasaka ulikuwa na furaha mpaka herufi zako zilikuwa zinakimbia. Ulisema daktari unayemwoshea chupa alisaga yale maganda ya mzizi niliyokutumia, akampa sungura, na sungura akakaa masikio chini, moyo wake ukapiga polepole, na nguvu ya damu ikashuka. Ulisema hata katika nchi za mbali wameona miti ya jamaa hiyo inatuliza watu wenye damu kali na wale ambao kichwa hakitulii. Nilimsomea mama barua yako. Akacheka, akasema: “Sasa ba daktari banajua kwa sungura kintu minyi nilijua kwa bantu.”

Halafu ukaandika neno hili, ninalo hapa mbele yangu: “Yaya, dada yangu mkubwa, niondolee mambo ya mila. Nitumie kitu chenyewe na kipimo chake. Namba moja tu.”

Sikulaumu. Nilifurahi nawe. Nilikaa mezani nikaandika yote ninayoyajua juu ya dawa ile tangu nilipokuwa msichana nikimbebea mama kikapu. Kwamba mama huchimba mizizi ya upande wa kuchomoza jua tu, na hufukia shimo kabla ya kuondoka. Kwamba aliyepewa dawa haruhusiwi kusema asante. Kwamba mama huonja yeye kwanza, kila mara, kabla mgonjwa hajanywa. Kwamba mtu aliye katika matanga hapewi. Na kwamba kipande cha ganda hukatwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mgonjwa mwenyewe, urefu wake na unene wake, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa pili.

Nikayasoma. Nikayachambua kama maharage: hili la kula, hili la kutupa. La kutupa yakawa karibu yote. Mimi niliyesoma kwa masista, mimi mwenye mdogo anayefanya kazi na daktari, nikajiona najua lipi ni dawa na lipi ni la wazee. Hata kidole nikakitupa. Nikasema kidole ni kidole, watu wote wanavyo, mama anamshika mgonjwa mkono ili kumtuliza tu.

Basi nikatengeneza kijiti cha kupimia, urefu na unene wa kidole changu mimi. Nikakata ganda lililokauka sawa na kijiti, nikalipeleka posta. Karani akaniwekea kwenye mizani ya barua huku akinicheka, akauliza kama namtumia mchumba kuni. Gramu nne. Nikakuandikia: kipimo cha mtu mmoja, gramu nne. Ndiyo namba uliyotaka. Kijiti chenyewe nikakiweka rafuni karibu na chumvi.

Unajua huu ni mwaka wa tatu mama haoni. Mikono yake ya kukata ni mimi. Tangu Pasaka mpaka mwezi wa saba walikuja wanawake watatu kwa dawa ile, wote watu wazima wa umbo langu. Mama alikuwa ananituma nipime kwa kila mmoja, nami nilikuwa nachukua kijiti. Hakuna aliyeumia. Wote walilala, wote walipona. Nikazidi kukiamini.

Katika nyumba inayotazamana na yetu, ng’ambo ya barabara, anakaa Nkashama, karani wa stesheni, mtu wa Kasai, na mkewe Florentine. Watu wazuri, ukiwaomba moto wanakupa na kuni. Wana mtoto wa kike wa miaka minne, anaitwa Mulanga. Mwisho wa mwezi wa saba mtoto alishikwa na homa. Dispanseri wakamtibu, homa ikashuka, lakini kutetemeka na kulia havikushuka. Siku tano mtoto halali. Florentine akaja kwa mama, kanga imefungwa vibaya, macho mekundu.

Mama akakubali. Akaniambia: “Noémie, kata muti ya mutoto. Lakini enda kwanza, pima kwake.”

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nafua mashuka, mgongo unauma, maji ya bomba yamekatika mara mbili, na watoto wanagombana. Nikasema ndiyo mama. Sikuvuka barabara. Ni hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu mpaka kwao, nimezihesabu baadaye. Nikanyoosha mkono rafuni nikachukua kijiti.

Dawa ilipochemka nikampa mama aonje. Akaweka kidogo ulimini. Kisha akasema: “Iko bululu sana. Ulipima kwa mutoto?”

Nikasema: “Ndiyo, mama.”

Akaonja tena. Nilimwona uso ukikunjamana kwa ule uchungu. Akakaa na kikombe mkononi muda mrefu, nami nilitaka akitoe haraka nirudi kwenye mashuka yangu. Mwishowe akasema: “Basi njo ulimi yangu inazeeka. Macho ilienda, sasa na ulimi.” Akampa Florentine kikombe.

Hapo ningeweza kusema, Constant. Kikombe kilikuwa bado nyumbani kwetu. Nikarudi kwenye mashuka.

Mulanga alilala. Florentine akaja mchana kutuambia, karibu acheze ngoma barabarani. Hakusema asante, maana anajua haisemwi. Lakini kesho yake mtoto hakuamka. Pua iliziba, akawa anapumua kwa kinywa. Tumbo likamwendesha. Mwili ukawa baridi kama mtungi, na moyo, mama alipoushika mkono wake, ulikuwa unapiga na kungoja, unapiga na kungoja. Mama akasema apelekwe hospitali upesi na waambiwe wazi amekunywa nini. Nkashama akampakia kwenye baiskeli, Florentine akikimbia nyuma.

Walimweka hospitali siku nne. Mungu ni mkubwa, mtoto alirudi. Anakula, anacheka, ila miguu bado haina nguvu, anacheza amekaa. Kila siku namwona kutoka mlangoni pangu.

Nkashama alimshitaki mama kwa chefu wa sité, mkuu wa mtaa wetu. Simlaumu, hata mimi ningeshitaki. Nilimwongoza mama kwa mkono mpaka barazani. Chefu akamwuliza ilikuwaje. Mama hakujitetea hata kidogo. Alisema: “Nilionja. Ulimi yangu ilikufa, sikujua. Kosa iko yangu peke yangu.” Nilikuwa nimesimama karibu naye, kiwiko chake kimo mkononi mwangu.

Hukumu ni hii: mama aondoke sité, arudi kijijini kabla ya mwezi huu kwisha. Kijijini gani, Constant? Treni mpaka Bukama, mashua mpaka ng’ambo ya Malemba-Nkulu, halafu kwa miguu. Nyumba ya baba ilianguka. Wajomba wamekufa. Kipofu wa miaka zaidi ya sabini, nani atampeleka kijitoni, nani atampikia?

Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mama ameacha kuonja. Sombe ya majani ya muhogo nikimpa, ananiuliza kama chumvi imetosha. Yeye! Yule aliyekuwa akijua kwa ulimi mzizi umechimbwa kabla ya mvua au baada. Anakula kama mtu anayetia mzigo kwenye gunia. Juzi aliniambia nichukue mfuko wake wa dawa nikautupe, kwa sababu mtu asiyeona na asiyeonja ni hatari kwa wenzake. Nimeuficha chini ya kitanda. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini hii yangu naiona ndefu na sijui inaishia wapi.

Ijumaa barua yako mpya imefika. Unasema daktari ameridhika na sungura, na sasa anataka kuwapa wagonjwa wawili, na amekuuliza tena kama zile gramu nne una hakika nazo. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo baada ya misa. Wewe nakuambia kwanza kwa sababu uko mbali na sioni macho yako. Mama bado sijamwambia. Najua unavyosema sasa hivi. Yaya, mwambie. Hata mimi nasema hivyo kila siku.

Alhamisi, tarehe 18

Naendelea kwenye karatasi ileile. Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, posta ilifungwa, na barua ikabaki mezani. Nashukuru ilibaki.

Siku ileile ya sikukuu, tulipotoka kanisani, mama alikaa uani akamenya karanga. Mikono yake haihitaji macho kwa kazi hiyo. Nikaketi kumsaidia. Akaniuliza treni ya Bukama inaondoka siku gani, na kama Kitwa anaweza kumpatia kisanduku chenye kufuli, maana hataki nguo zake zichanganyike na za watu. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mahindi.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nikasema mama, sikupima kwa mtoto. Sikuvuka barabara. Nilikata kwa kidole changu, na uliponiuliza nilikudanganya.

Akaendelea kumenya, moja, mbili, tatu. Nilidhani hajasikia. Kisha mikono ikasimama, akasema polepole: “Kumbe ulimi yangu iko muzima.”

Akaniambia nimletee chumvi. Nikaleta. Akaweka punje ulimini, akafumba midomo, na machozi yakamtoka yale macho yasiyoona. Akasema tena: “Iko muzima.” Zaidi ya wiki mbili, Constant, alikuwa anaombolezea ulimi wake kama maiti, na mimi nikimtazama!

Kisha hasira ikaja. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisukuma kapu la karanga, akaita Kitwa amwingize ndani. Tangu hapo mpaka jana hakula chochote kilichotoka mkononi mwangu. Maji alikuwa anapewa na Kitwa. Nikimsalimia anageuza uso. Nilimwomba msamaha nimepiga magoti, akasema: “Ile siku nilikuuliza, nilikuamini kuliko kinywa yangu.”

Jumanne nilikwenda kwa chefu peke yangu. Nikaomba Nkashama aitwe. Nikasema yote mbele yake. Chefu alikasirika kwa kupotezewa wakati, ila hukumu ya mama ameiondoa. Mama atabaki. Mimi nimekatazwa kugusa dawa ya mtu yeyote, na masista wamepata habari, wameniambia nipumzike ile kazi ya kufundisha wasichana wao kushona kwa muda. Kuhusu muda huo sikuuliza.

Nkashama hakunitukana. Alinitazama tu, akasema: “Mama Noémie, mutoto yangu alikuwa ng’ambo ya barabara.” Afadhali angenipiga kofi. Florentine hajibu salamu yangu. Sitaacha kumsalimia.

Kwa hiyo sasa mama ana ulimi na hana mikono. Kitwa amejitolea kuwa mkataji wake, mtu wa kukata vyuma! Jana alikaa kujifunza na mama akamfokea kwamba anakata ganda kama anayekata reli. Kitwa akasema reli hailalamiki. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka ndani ya nyumba hii tangu mwezi wa saba. Mimi nilikuwa jikoni. Nilicheka huko huko.

Jioni ya jana mama aliniita. Hakunigeuzia uso, alisema na ukuta, lakini aliniita. Akasema: “Leta kalamu. Andikia Constant.” Nilikaa mlangoni nikaandika aliyosema, moja baada ya moja, nami nakupa vile vile.

Kidole cha mgonjwa: kwa sababu mwili ndio unaobeba dawa. Mtoto ana kidole cha mtoto na tumbo la mtoto na moyo wa mtoto. Aliyekonda kwa ugonjwa, kidole chake kimekonda pia, basi anapata kidogo, hata kama ni mrefu kama mlingoti. Mama anasema kidole hakidanganyi, na hapo alikohoa kidogo.

Kuonja: kwa sababu mizizi hailingani. Wa kiangazi ni mkali kuliko wa masika, wa mti mzee ni mkali kuliko wa mti kijana. Vipande viwili vyenye urefu mmoja vinaweza kuwa dawa na sumu. Ukali anaujua kwa ulimi, akikuta umezidi anaongeza maji au anamwaga. Kwa hiyo hata gramu zako nne za mwezi wa nne si gramu nne za leo.

Kufukia shimo: ili mti usife. Upande mmoja tu: sababu ileile. Nikamwuliza, na kutosema asante? Akafikiri. Akasema: “Ile sijui. Mama yangu alikataza, na minyi nilikataza.” Basi hiyo iandike kuwa mila tu, kama unataka.

Nikamwuliza la matanga. Kwa nini aliyefiwa asipewe, wakati yeye ndiye asiyelala kuliko wote? Mama akasema: “Hii muti inashusha moyo. Ule moyo yake iko chini tayari. Utaishusha wapi tena?” Akasema aliwahi kuona kijijini, alipokuwa bado anajifunza. Mjane alipewa ili alale. Akalala, akaamka, hakulia tena, na hakutaka tena kitu chochote, wala chakula wala mtoto wake. Kabla mwezi haujaisha akaingia mtoni mwenyewe.

Hapo nikasimamisha kalamu. Nikaichukua barua yako ya Ijumaa nikaisoma tena. Umeandika wagonjwa wawili wa daktari ni nani: mzee mmoja mwenye damu kali, na mama mmoja ambaye hajalala tangu alipomzika mwanawe.

Nilimsomea mama. Akageuka. Akatafuta mkono wangu kwa mkono wake, akaushika, akasema: “Andika mbio.”

Basi naandika mbio, na Kitwa ataipeleka kwenye treni ya leo badala ya kungoja posta. Mdogo wangu, nenda kwa daktari wako siku hiyohiyo utakapoisoma. Usingoje kuosha chupa kwanza. Mwambie gramu nne hazipo, hazijawahi kuwepo. Mwambie yule mama asipewe hata tone. Yule mzee, akitaka kumpa, amshike mkono kwanza, atazame mtu mwenyewe, na aanze na kidogo kuliko anachodhani ni kidogo. Mama yuko tayari kuja kuwaonjea dawa, ukimtumia ruhusa ya safari.

Najua unaogopa. Wewe ni mwosha chupa, yeye ni daktari, na umeshamwambia mara mbili kwamba una hakika. Unaogopa atakuona mtu wa porini anayerudi na mila zake, na kwamba kazi itaisha. Basi usiseme ulikosea wewe. Sema dada yako mkubwa, aliyesoma, aliyejua, alikuandikia uongo. Nitaje kwa jina. Mwonyeshe barua hii, ndiyo sababu nimeiandika kwa herufi kubwa zinazosomeka. Huku nimeshaaibika mbele ya chefu, mbele ya jirani, mbele ya mama. Aibu ya Elisabethville haitanizidishia uzito.

Msalimie Clémentine, na umbusu mtoto kwenye yale meno. Msalimie mzee Mwanza na nyumba yake yote, na Kazadi ukimwona sokoni. Kitwa anakusalimu, na watoto wanauliza mke wa mjomba wao atakuja lini. Mama anakubariki kwa mkono wake wa kulia, ameuweka juu ya karatasi hii hapa ninapoandika, ndiyo maana mstari umepinda. Mungu akulinde wewe na wagonjwa wote ambao hatuwajui.

Ni mimi dada yako mkubwa, akupendaye na aliyekudanganya,

Noémie